Kongamano la Startapu? Lileteni Huku Huku Industrial Area

Leo nachukua barua moja tu, maana ina mambo mengi ndani yake.

Imetoka kwa msomaji wa Mukuru kwa Reuben. Yeye na wenzake wameunda programu ya simu inayomwambia kibarua ni geti lipi litahitaji watu kesho, ili asiamke saa kumi usiku kutembea hadi Enterprise Road na kurudi mikono mitupu. Sasa wanataka kuandaa kongamano la siku moja la kampuni changa za intaneti na wajasiriamali wa Eastlands. Swali lake ni hili: "Dada, tuchange tukodi ukumbi wa hoteli Westlands tuonekane wa maana, ama tukifanyia huku kwetu watu watatucheka?"

Fanyieni huko kwenu. Bei ni sababu mojawapo, lakini si ndiyo kubwa.

Angalia jinsi mambo haya yalivyoanza. Machi 2010 iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilifungua milango Ngong Road, kwenye jengo la Bishop Magua, na tangu hapo kijana mwenye kompyuta na wazo akajua akapande matatu ya kuelekea huko. Juni 2011 likaja shindano la Pivot 25 katika hoteli ya Ole Sereni, Mombasa Road, ambapo timu 25 za Afrika Mashariki zilisimama kunadi programu zao za simu mbele ya majaji. Oktoba 2017 TechCrunch ya Marekani ikaleta shindano lake Nairobi, na mshindi akawa Lori Systems, kampuni ya kuunganisha wenye mizigo na wenye malori. Yote mazuri, na waliotangulia tuwape heko. Lakini hebu jiulize hayo malori yanapakia wapi. Si Lunga Lunga Road? Si Likoni Road, mbele ya macho yako kila asubuhi?

Katika makongamano mengi niliyoketi, kiti cha mbele ni cha mwekezaji. Meneja wa stoo, mhasibu anayelipa vibarua mia mbili kila Ijumaa, mama mwenye malori matatu, hao sijawaona. Vijana wanajifunza kumfurahisha mtu mwenye pesa za kuanzia, sio mtu mwenye shida ya kutatuliwa. Na tumeona pesa za kuanzia zinavyoisha: Sendy, ya usafirishaji wa mizigo, ilitangaza kufunga mwaka 2023, na Copia, iliyokuwa ikiuzia watu wa mashinani bidhaa, ikaingia mikononi mwa wasimamizi Mei 2024. Zote mbili zilikuwa zimekusanya mamilioni ya dola. Siwacheki, biashara ni ngumu. Nasema tu kwamba wewe una kitu ambacho hoteli ya Westlands haiwezi kukukodishia: wanunuzi wako wako umbali wa kutembea kwa miguu.

Kwa hiyo geuzeni jukwaa. Asubuhi yote wapandisheni watu wa viwandani, ninyi wa startapu mkae chini na madaftari. Kila kiwanda kieleze tatizo moja linalokula pesa. Mmoja atasema lori linasimama getini kwa saa tano likisubiri karatasi. Mwingine atasema hajui mashine itaharibika lini. Mwingine, vibarua wanalipwa kwa M-Pesa lakini orodha ya majina bado inaandikwa kwa kalamu. Mchana ndipo ninyi mpande, na anayepanda ajibu tatizo lililosemwa asubuhi, au anyamaze. Majopo ya watu sita wanaokubaliana kwa saa nzima, tafadhali, msilete.

Kuwaalika hawa si kazi ya barua pepe. Chapeni barua kwenye karatasi, ipigwe muhuri, muipeleke wenyewe. Mtaanza na askari wa geti, kisha dada wa mapokezi, na huyo wa mapokezi mheshimuni sana, kwa sababu yeye ndiye anayejua bosi anaingia saa ngapi. Kariobangi Light Industries nako mfike. Kuna mafundi kule wanaotengeneza vyombo na vipuri ambao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote wa programu wanataka nini.

Sasa ukumbi. Ulizeni NITA, pale Commercial Street. Ni taasisi ya mafunzo ya viwandani, na wanafunzi wao ni watu mnaowahitaji katika chumba hicho. Kama bajeti ni ndogo zaidi, kaunti ina kumbi za kijamii Eastlands, ikiwemo ile ya Kaloleni ambako wanasiasa wa kupigania uhuru walikuwa wakikutana. Wengi wenu mtapenda godauni tupu kwa sababu linapendeza kwenye picha. Sawa, lakini liingieni saa saba mchana kabla ya kulipa. Paa la mabati huoka watu, sauti hurudi kama mko kisimani, na simu hupoteza mawasiliano. Hesabuni milango: ukiwa mmoja tu, ondokeni. Ulizeni jirani upande huu na ule anahifadhi nini. Sisi wa pande hizi hatuhitaji kuelezwa. Septemba 12, 2011 mafuta yalivuja kutoka kwa bomba yakaingia mtaroni katika mtaa wa mabanda wa Sinai, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Basi vizima moto viwepo, njia ya kutokea isifungwe kwa meza za wadhamini, na mmoja wenu asiwe na kazi nyingine siku hiyo ila usalama.

Siku je? Jumamosi inavutia, lakini viwanda vingi huwa kazini nusu siku, na Wasabato, ambao ni wengi Eastlands, mtawakosa kabisa. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Mimi ningechagua Alhamisi. Anayetoka mbali mwelekezeni treni ya Syokimau ashuke Makadara, kisha achukue boda. Ni afadhali kuliko kukwama barabarani.

Intaneti ndiyo itawaaibisha msipojipanga. Watu 200 wana simu 200 na kompyuta mia, na kile kisanduku cha Wi-Fi cha nyumbani kitalala chini kabla ya chai ya saa nne. Agizeni laini ya faiba ya muda, na jukwaa lipate waya wake peke yake, usioguswa na mtu. Meza ya kupokea malipo nayo iwe na laini tofauti. Na kila anayeonyesha programu awe ameirekodi kwenye video, maana stima ya huku mnaijua. Jenereta ikodishwe pamoja na fundi wake na dizeli yake, mjaribu kuwasha siku moja kabla, mkiwa mmeunganisha kila kitu.

Pesa. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mdhamini akisema "tuko pamoja," bado hamna hata shilingi. Akiwapa LPO, ile hati ya kuagiza huduma, bado hamna shilingi, kwa sababu kampuni kubwa inaweza kulipa baada ya siku 60 au 90, na mwenye mahema anataka arubuni yake leo. Pangeni bajeti kwa pesa iliyoingia tu. Za mdhamini zikija baadaye zilipe madeni au ziwekwe kwa mkutano ujao. Halafu sajilini jina la biashara, mpate PIN ya KRA na mjiunge na eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kabla ya kuomba udhamini. Tangu 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS humletea mhasibu wa mdhamini matatizo ya kodi, na atawakataa hata kama bosi wake anawapenda. Tiketi ziuzwe kwa Till ya biashara. Zikiingia kwa simu ya mwenzenu mmoja, mtagombana, na urafiki wenu ni wa thamani kuliko kongamano.

Chakula wapeni kina mama wa vibanda wanaolisha Industrial Area kila siku: chapati, madondo, sukuma, chai na mandazi. Mhakikishe wana cheti cha afya cha kaunti, mkubaliane idadi ya sahani kwa maandishi, na muwalipe jioni ile ile. Hawana siku 90.

OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha Industrial Area, apelekewe barua. Kwa mikutano ya hadhara sheria inataka polisi waarifiwe kati ya siku 3 na 14 kabla. Hata kama wenu ni wa ndani na wa kualikwa, barua hiyo itawaokoa askari wa doria akija kuuliza maswali. DJ naye aulizwe leseni ya muziki.

Majina na nambari za simu mtakazokusanya si mali ya mdhamini. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na haichezi: Septemba 2023 klabu moja ya burudani jijini ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Andikeni kwenye fomu mnataka nambari ya nini, na asiyetaka kupigwa picha apewe beji ya rangi tofauti.

Umeniuliza pia, mwishoni kabisa, kama mumwalike MCA au mheshimiwa fulani kuwa mgeni wa heshima. Mwalikeni, ni mtaa wake. Lakini msimsubiri kufungua mkutano. Mwenye kiwanda aliyeacha kazi yake saa mbili asubuhi hatakaa hadi saa tano akingoja msafara. Mwekeni baada ya chakula cha mchana, dakika tano, na msaidizi wake aambiwe mapema kwamba itifaki itakuwa imeshazingatiwa na mtu mwingine.