Usanifu wa Ndani: Nyumba ya Kesho kwa Mtu wa Masafu



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ningependa katika somo hili tuzungumze kuhusu fani ninayoisoma: usanifu wa ndani ya majengo, hasa ule unaoitwa usanifu wa kesho. Kwetu ni Masafu, wilaya ya Busia upande wa Uganda. Ada yangu ya muhula hutoka kwenye mihogo na ng'ombe wa baba. Kwa hiyo swali aliloniuliza mzee mmoja msikitini kwetu lina haki ya kujibiwa: "Mwanangu, nyumba ni kuta na mabati. Hiyo digrii yako ni ya kupaka rangi nyumba za matajiri?"

Nitalijibu kwa hatua nne, kisha nitaacha zoezi.

1. Fani hii inahusu nini

Anayesanifu jengo huanza na kiwanja, msingi, kuta na paa. Anayesanifu ndani huanza na mtu: anaingilia wapi, anaona nini, anakaa juu ya nini, anapata wapi hewa na mwanga, nani anamwona akiwa amelala. Rangi na mapazia huja mwisho kabisa.

Chukua mfano wa kipimo. Mtu mmoja anayeswali anahitaji upana wa kama sentimita 60 na urefu wa kama sentimita 120 ili asujudu bila kumgonga wa mbele. Hiyo ni mita za mraba 0.72. Waumini 100 wanahitaji mita za mraba 72 za safu peke yake, kabla hujahesabu mlango, mahali pa viatu na pa kutawadha. Kamati nyingi za misikiti hununua matofali kwanza, hesabu hii ikafuata baadaye. Mara nyingi upungufu huangukia sehemu ya akina mama, wakabaki na kona isiyo na dirisha.

Anayetaka kusoma fani hii katika eneo letu anaweza kuitafuta Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, chenye shahada ya usanifu wa ndani, au Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako hufundishwa ndani ya masomo ya ubunifu.

2. Dini imetangulia kusema juu ya nyumba

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, nyumba inatajwa kuwa neema na mahali pa utulivu. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tunaamrishwa tusiingie nyumba za watu bila kuomba idhini na kutoa salamu. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inataja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa nyumbani huomba ruhusa: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya isha. Pia ipo hadithi katika Sunan Abi Dawud inayoagiza watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka kumi.

Mwanafunzi wa usanifu akizisoma aya hizi anaona ramani ya nyumba. Idhini inahitaji mlango usioonyesha kitanda. Faragha inahitaji chumba chenye ukuta, au walau kizuizi. Kutenganisha malazi kunahitaji nafasi.

Wazee wetu wa pwani walilielewa hilo. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mgeni hupokewa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Akiruhusiwa, njia humpindisha kabla ya kufika kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu. Hivyo hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni ndani. Kisha vyumba hufuatana: msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani, chumba cha siri zaidi. Vyumba hivyo ni vyembamba, upana wa kama mita tatu tu, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazifiki mbali zaidi. Waliukubali upungufu wa mti, wakaugeuza kuwa mpango wa heshima.

Sasa rudi Masafu. Familia nyingi hazina uwezo wa kujenga vyumba sita. Likizo iliyopita nilichora nyumba ya shangazi yangu yenye vyumba viwili. Mlango wa mbele unatazamana na mlango wa chumba cha kulala, kwa hiyo kila anayebisha hodi anaona kitanda. Dawa yake ni kiwambaza cha matofali cha mita moja na nusu, kimo cha mtu, hatua mbili ndani ya mlango. Shangazi aliutazama mchoro akauliza matofali mangapi, kwa kuwa mwenye nyumba kwanza hutaka kujua gharama. Tulihesabu pamoja, hayafiki mia mbili.

3. Kesho ya Dubai na kesho ya Masafu

Darasani tukisema usanifu wa kesho, picha za kwanza huwa za Dubai. Jumba la Makumbusho ya Mustakabali lilifunguliwa huko Februari 2022. Lina umbo la yai lenye tundu katikati, na madirisha yake ni maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye ukuta wenyewe. Tunamsoma pia Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, mwaka 2004. Ni kazi za kustaajabisha, na Mwislamu hana sababu ya kuzidharau.

Lakini vioo vile vinahitaji viyoyozi, na viyoyozi vinahitaji umeme usiokatika. Ukivihamishia Busia umejenga tanuri. Kwa hiyo mimi huangalia pia kazi nyingine tatu.

Ya kwanza ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Diébédo Francis Kéré aliisanifu akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu Berlin, na wanakijiji wenzake wakaijenga. Dari ni ya matofali yenye matundu, na mabati yameinuliwa juu yake yakiacha pengo. Hewa ya moto hutoka, upepo hupita, na joto la bati haliwafikii watoto. Mwaka 2022 Kéré naye alipata Pritzker.

Ya pili ni msikiti wa Bait Ur Rouf, Dhaka, uliokamilika mwaka 2012. Bibi yake Marina Tabassum alitoa kiwanja, mjukuu akasanifu. Hauna kuba wala mnara. Ni matofali yanayopitisha hewa, na matundu madogo ya paa yanayomwaga mwanga juu ya wanaoswali. Mwaka 2016 ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu.

Ya tatu iko hapa hapa Uganda: hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2021 na kusanifiwa na Renzo Piano na wenzake. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, na juu ya paa kuna paneli za jua. Udongo tunaouona wa maskini umejenga vyumba vya upasuaji.

Sasa tupime Masafu. Tupo karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, kwa hiyo linapiga paa. Asubuhi hupiga ukuta wa mashariki na jioni ukuta wa magharibi, likiwa chini kiasi kwamba upenu wa paa hauwezi kulizuia. Madirisha makubwa basi yakae kaskazini na kusini. Huko, upenu wa sentimita 60 hutia kivuli cha zaidi ya mita 1.3 ukutani saa sita mchana, hata Juni na Desemba jua linapokuwa limeegama zaidi.

Jambo lililonifurahisha ni hili. Kibla kutoka Masafu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kwa digrii kama 15. Ukijenga msikiti wa mstatili wenye safu ndefu, kuta ndefu zinaangukia karibu kaskazini na kusini, na kuta fupi mashariki na magharibi. Mpango unaofuata kibla ndio huo huo unaokimbia jua kali. Subhanallah.

Ongeza mawili. Sehemu hizi za Busia na Tororo zina malaria nyingi, na mbu hupenda kuingilia kwenye nafasi kati ya ukuta na paa. Nafasi hiyo isizibwe kwa saruji, maana ndiyo njia ya hewa, iwekwe wavu. Pili, matofali ya kuchoma hula miti yetu. Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono, hayahitaji kuni hata moja.

4. Israfu na riziki

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja tandiko la mume, la mke, la tatu la mgeni, na kwamba la nne ni la Shetani. Wanazuoni wameeleza kuwa kinacholaumiwa ni kuzidisha juu ya haja kwa ajili ya fahari. Kwa msanifu wa ndani hiki ni kipimo cha kazi. Kila kitu ninachochora nakiuliza: wewe unamhudumia nani?

Swali hilo linagusa riziki pia. Kazi nyingi zinazolipa vizuri mjini ni za hoteli na baa. Mimi nimeamua kutochora kaunta ya pombe. Uamuzi huo una gharama, na baba anajua kwamba huenda ukachelewesha kurudisha fedha za ng'ombe wake. Aliyefikwa na jambo la namna hii awaulize wanazuoni, asitegemee makala ya mwanafunzi. Ila asingoje siku ya kusaini mkataba ndipo aanze kuuliza.

Kwa hiyo mzee wangu wa msikitini namjibu hivi, kwa adabu: rangi nitapaka, lakini baada ya kuhakikisha kwamba mama ana mahali pa kuswali penye hewa, mtoto halali akiumwa na mbu, na mgeni habishi hodi mbele ya kitanda.

Zoezi

Chukua futi na karatasi. Pima chumba chako cha bweni na ukichore. Onyesha kaskazini, kibla, dirisha na kila kitanda. Kisha jibu:

1. Mlango ukifunguliwa, anayepita anaona nini?
2. Jua la jioni linampiga nani?
3. Hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi?
4. Je, watu wawili wanaweza kuswali pamoja bila kuhamisha kitu?
5. Ni kitu gani kimoja ungekiondoa, na kipi kimoja ungekiongeza kwa gharama isiyozidi chakula chako cha wiki?

Leteni michoro yenu kwenye darsa. Tutaanza na chumba cha swala cha akina dada, maana hicho tunaweza kukirekebisha muhula huu huu.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na nyumba zetu azijaalie utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.