Maana ya Potenshali ya Kielektrokemia Darasani

Katika mazoezi ya kufundisha tumepata kumsikia mwalimu mwanafunzi akiliambia darasa kwamba limau lina umeme. Hatumlaumu, sisi wenyewe tulifundisha hivyo zamani. Kosa hutokana na neno lenyewe. Kiingereza na Kireno vimelitwaa kutoka Kilatini, likiwa na maana ya uwezo; nasi tukilifasiri kwa “uwezo” tu, mtoto hudhani ipo akiba iliyofichwa ndani ya tunda.

Yafaa kuanza na jaribio. Chomeka katika limau kipande cha waya wa shaba na msumari wa kuezekea uliopakwa zinki, visigusane, kisha unga voltimita. Sindano itaonyesha karibu volti 1. Sasa ng’oa msumari, uchomeke shaba ya pili. Sindano hurudi karibu na sifuri, ingawa limau ni lile lile! Hapo mwalimu na anyamaze, awaache watoto wabishane.

Wakisha kubishana, wakumbushe mapipa mawili yaliyounganishwa kwa mpira: maji hutiririka pale tu vimo vyake vinapotofautiana. Zinki huachia elektroni kwa urahisi kuliko shaba, na tofauti hiyo ndiyo inayozisukuma elektroni katika waya. Vitabu vinapoandika zinki −0.76 na shaba +0.34, hulinganisha kila moja na haidrojeni, iliyopewa 0 kwa makubaliano, kama kimo cha mlima kipimwavyo kutoka usawa wa bahari.

Limau lililotumika lisiliwe, kwani zinki imeyeyukia ndani yake.