Tiketi ya ndege ya Krismasi nikate lini?

Swali: Nataka kwenda Mwanza kwa ndege Krismasi hii, nikitokea Dar. Jirani ananiambia nisubiri wiki ya mwisho, eti nauli hushuka. Ni kweli?
Msomaji, Temeke

Jibu: Usisubiri. Ndege si daladala, ambako konda anaweza kupunguza nauli ili ajaze viti. Viti vya ndege moja huuzwa kwa bei za ngazi: vya chini huisha kwanza, anayechelewa huangukia vya juu. Na Desemba, nusu ya majirani zako wanakwenda Kanda ya Ziwa.

Kata Septemba au Oktoba. Ukiweza, safiri Jumanne au Jumatano, si Ijumaa. Tazama na kurudi: mwanzoni mwa Januari kila mtu anarudi Dar, hapo ndipo wengi huumia.

Kabla ya kulipa, linganisha jumla, si bei ya tangazo. Kodi zimo? Begi la kilo ngapi? Sato wa kurudi nao wana uzito wao! Tiketi rahisi kabisa mara nyingi hairudishiwi fedha, na kubadili tarehe hulipiwa. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho.