Missa Luba kati ya santuri na karatasi: somo kwa wanaonukuu fasihi simulizi

1. Utangulizi

Mwaka jana nilinukuu wimbo wa kubembeleza mtoto ambao nilikuwa nimeurekodi kwa simu hapa Kiwanja. Mama aliyeuimba ni mzungumzaji wa Kinyabwisha. Aliuimba mara mbili mchana uleule, na mara ya pili aliacha ubeti mmoja, akarefusha kiitikio na kubadili mwisho. Mimi nikachukua ule wa kwanza, nikatia ndani yake maneno mawili ya ule wa pili yaliyonipendeza, kisha nikaandika juu ya ukurasa: "Mtunzi hajulikani." Mwalimu wangu alipousoma aliniuliza swali moja tu: "Wimbo huu ulioandika, nani aliuimba?" Sikuwa na jibu. Kwa hali niliyouandika, wimbo ule haukuwahi kuimbwa na mtu yeyote.

Makala haya yametokana na swali hilo. Nilitafuta kazi ambayo sauti yake na maandishi yake vyote vinapatikana, ili nipime kinachopotea na kinachoongezeka pale mkono wa mwandishi unapoingia. Nimeipata nchini mwetu: Missa Luba. Nimelinganisha mambo matatu: rekodi ya mwaka 1958 ya kwaya ya Kamina, nota zilizochapishwa New York mwaka 1969, na rekodi ya kwaya ya Kenya ya mwaka 1990. Mimi si mwanamuziki. Nasoma nota kama mwanakwaya wa parokia anavyozisoma. Ninachotazama hapa ni unukuzi, na huo ni kazi yetu sote katika kitivo hiki.

2. Kazi na matoleo yake

Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya huko Kamina, Katanga, katika miaka ya 1950. Iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Ilikuwa na wavulana 45 hivi, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Misa yao iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikairekodi. Misa nzima kwenye santuri inachukua kama dakika 13: Credo peke yake ni dakika 4 na kidogo, na Benedictus haifiki hata dakika moja.

Maneno ni ya Kilatini, isipokuwa Kyrie ambayo ni ya Kigiriki, kama ilivyo katika misa yoyote ya wakati ule. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungua mlango kwa lugha za wenyeji katika liturujia, ulianza mwaka 1962. Na Misa ya Kizaire ilikubaliwa na Roma mwaka 1988 tu. Kwa hiyo mwaka 1958 waimbaji wa Kamina hawakuwa na ruhusa ya kubadili maneno. Kilichobaki mikononi mwao ni namna ya kuimba.

Na hapo walichota kwao. Maelezo yanayoambatana na kazi hii yanasema kuwa Kyrie, Gloria na Credo zinafuata mtindo wa kasala, utungo wa Waluba unaosikika hasa kwenye misiba na kwenye kusifu ukoo. Sanctus na Benedictus zimetokana na wimbo wa kuagana. Hosanna ina mdundo wa ngoma ya Kasai. Agnus Dei ina asili katika wimbo wa Bena Lulua. Haazen mwenyewe alieleza kwamba hakuna sehemu iliyoandikwa kabla: mtaji ulikuwa maneno ya misa na mitindo ambayo kila mmoja aliijua, na mengine yalizaliwa katika kuimba pamoja.

Tuzingatie mfuatano huu, maana ndio kiini cha hoja. Simfoni ya mtunzi wa Marekani kama Charles Ives huanzia kwenye karatasi. Ives alifariki mwaka 1954, na Simfoni yake ya Nne ikapigwa nzima kwa mara ya kwanza mwaka 1965 tu, baada ya wahariri kuhangaika na karatasi alizoziacha. Anayelinganisha rekodi za kazi kama hiyo huuliza: je, wapigaji wameifuata karatasi? Kwa Missa Luba swali linageuka: je, karatasi imewafuata waimbaji? Sauti ilitangulia mwaka 1958, nota zilizochapishwa zikaja mwaka 1969 kutoka kampuni ya Lawson-Gould. Mwaka 1990 kwaya ya taifa ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikarekodi misa hii kwa Philips. Na bado mwaka 2005 Marc Foster, katika tasnifu yake ya udaktari huko North Carolina, aliona haja ya kutayarisha toleo jipya la nota. Kazi isiyokuwa na karatasi imezaa karatasi mbili.

3. Vitu vitatu ambavyo karatasi haivisemi

Kwanza, pumzi. Katika rekodi ya Kamina, Kyrie huanza na sauti moja ya mwanamume, na kwaya humwitikia. Sauti ile hupinda, huteleza, hukawia juu ya silabi moja na kukimbia juu ya nyingine. Nota lazima zigawe muda katika mapigo, na mistari yake ya wima hukata kila sehemu kwa kipimo. Mwandishi wa nota hakukosea: bila mapigo, kwaya ya watu wasiowahi kusikia kasala isingeweza kuanza pamoja. Lakini msomaji huona kipimo kama sheria, na mtelezo kama pambo la hiari, ilhali kwa mwimbaji mtelezo ndio wimbo wenyewe. Mimi nilifanya vivyo hivyo kwa yule mama: nilipanga beti zenye mizani sawa, kwa sababu shuleni tumezoea ushairi wenye mizani.

Pili, silabi. Kilatini kinakubali silabi inayofungwa kwa konsonanti, na konsonanti kadhaa zikifuatana. Lugha zetu nyingi za Kibantu hupenda silabi inayoishia kwa irabu; ndiyo maana *Christus* amekuwa *Kristo* katika Kiswahili, na *missa* ikaingia bila shida yoyote. Nilifanya jaribio dogo na wanakwaya wanane wa parokia yetu. Niliwaomba waimbe neno *Sanctus* polepole, bila kuwaeleza sababu. Watano walitia irabu nyepesi mwishoni au katikati ya konsonanti. Watatu waliosoma seminari hawakutia. Wanane si wengi na sijengi kanuni juu yao. Ninachosema ni hiki: nota huandika neno kama lilivyo katika kitabu cha misa, na maandishi ya aina hiyo huwafanya hawa watano na wale watatu waonekane wameimba kitu kimoja. Kwa mwanafonolojia hicho ni kitu viwili.

Tatu, toni. Kiluba na Ciluba ni lugha za toni. Ciluba kinajulikana miongoni mwa wanaisimu kwa kugeuza toni: pale ambapo Kibantu cha kale kilikuwa na toni ya juu, mara nyingi chenyewe kina ya chini, na ya chini ikawa ya juu. Anayetunga kasala katika lugha kama hiyo hana uhuru kamili wa kupandisha na kushusha sauti apendavyo, maana toni za maneno zinamvuta. Kilatini hakina toni, kina mkazo. Basi waimbaji wa Kamina walipoweka maneno ya Kilatini katika mtindo wa kasala, kamba ile ililegea. Walibaki na umbo la kasala bila toni zilizolilea. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kusisimua zaidi katika kazi nzima, na halionekani popote kwenye nota, kwa sababu nota huonyesha kimo cha sauti lakini hazisemi kimo hicho kinatoka wapi.

Katika miaka hiyohiyo ya mwisho wa 1960, msomi wa Kongo Patrice Mufuta alichapisha huko Paris kitabu juu ya kasala. Kichwa cha kitabu chake chenyewe kina alama za toni: *kasàlà*, *Lubà*. Mwandishi wa nota aliandika kimo bila toni. Mwanaisimu aliandika toni bila kimo. Hakuna kati yao aliyeandika wimbo wote.

4. Kamina na Nairobi

Rekodi ya Muungano inatusaidia kuona jinsi karatasi inavyosafiri. Waimbaji ni watu wazima, wanawake na wanaume, na ni Wakenya. Hawakukulia katika kasala. Mahali pa sauti za wavulana tunasikia sauti za kike zilizokomaa, na mpangilio ni wa kwaya iliyofundishwa. Santuri yao ina pia nyimbo za asili za Kenya, yaani walizungukia misa ya watu wengine kwa nyimbo za kwao.

Mwenzangu mmoja alisema rekodi hii "si halisi." Sikubaliani naye. Wakenya hawakujifanya Waluba. Waliimba kama wao. Kosa lingekuwa kuichukua rekodi ya 1990 kama ushahidi wa jinsi Waluba walivyoimba 1958. Kila rekodi ni shahidi wa siku yake na watu wake. Tukizichanganya, tutapata wimbo kama ule wangu: mzuri, lakini hakuna aliyeuimba.

5. Jina juu ya ukurasa

Sauti ile ya Kyrie niliyoitaja ina mwenyewe: ni mwalimu Joachim Ngoi. Lakini jina ambalo dunia inalijua pamoja na Missa Luba ni la Haazen. Sanctus ya Kamina imesikika katika filamu ya Lindsay Anderson, *If....*, ya mwaka 1968, na Gloria katika filamu ya Pasolini juu ya Injili ya Mathayo, ya mwaka 1964. Watazamaji wangapi walijua ni nani waliokuwa wakiimba?

Sisemi kwamba Haazen alinyang'anya kitu. Alikusanya kwaya, alisafiri nayo, na alikiri wazi kwamba muziki uliibuka kwa waimbaji. Lakini karatasi ina sehemu moja ya jina, juu, na sehemu hiyo hujazwa na yule aliyeshika kalamu. Watu wapatao 60 waliotunga kwa koo zao hawatoshei pale.

Hatari huwa kubwa zaidi pale ambapo maneno si ya Kilatini. Pamoja na misa, kwaya ilirekodi nyimbo za kienyeji, mmojawapo ukiwa Banaha, unaoimbwa leo na kwaya za shule mbali sana na Katanga. Neno la Kilatini likiandikwa vibaya kwenye nota, yeyote atalisahihisha kwa kufungua kitabu cha misa. Neno la Kiluba lililokatwakatwa silabi kwa silabi, bila alama za toni, litasahihishwa kwa kitabu gani? Kwa mzungumzaji tu, kama atatafutwa.

6. Hitimisho

Kutokana na ulinganisho huu napendekeza mambo manne kwa sisi tunaonukuu fasihi simulizi katika kitivo hiki. Kila uimbaji upewe unukuzi wake, hata kama ni wa mtu yuleyule siku ileile. Toni ziandikwe pale lugha inapozibeba, na irabu zinazoingizwa na mwimbaji ziachwe mahali pake. Chochote kinachotoka kwa mnukuzi, kama mgawanyo wa beti au alama za kituo, kitajwe kuwa ni chake. Na mwimbaji atajwe kwa jina, mahali na tarehe, kwa idhini yake. Sauti ihifadhiwe pamoja na karatasi, isitupwe baada ya karatasi kukamilika.

Mimi nimerudia kazi yangu. Ukurasa sasa una safu mbili, mchana mmoja, mama mmoja, nyimbo mbili. Ubeti alioacha mara ya pili umebaki kama nafasi tupu katika safu ya kulia, na nafasi hiyo nayo ni data. Yale maneno "Mtunzi hajulikani" nimeyafuta. Mama yule amekwisha kuhama Kiwanja kwa sababu ya vita, na sijapata nafasi ya kumwomba idhini ya kuchapisha, ndiyo maana simtaji hapa. Jina lake liko kwenye faili ya rekodi, mstari wa kwanza, kabla ya langu.