Bustani ya nyumba mpya: anza na visivyohamishika

Umehamia Goba, Chanika au Kibaha, na sasa unatamani kiwanja kiwe kijani. Usikimbilie kwenye vitalu vya miche barabarani. Mchicha ukiukosea mahali utaung'oa wiki ijayo. Mwembe ulioota juu ya bomba la maji taka ni kesi nyingine.

Chora kiwanja. Chukua futi kamba na karatasi. Onyesha nyumba, geti, tangi, mabomba, karo na shimo lake. Mwite fundi akuonyeshe mabomba yalipopita kabla hajasahau. Miti mikubwa kama mwembe na mfenesi ikae angalau mita 8 kutoka kwenye kuta na karo.

Fuata jua na maji. Jua la alasiri ndilo linalochoma kuta, kwa hiyo mti wa kivuli uwe upande wa magharibi. Mvua kubwa ikikatika, toka uone maji yanatuama wapi. Yaelekeze kwenye migomba, siyo kwa jirani. Kisha chimba shimo la sentimita 30, ulijaze maji, yakiisha ujaze tena. Yakilala humo hadi kesho yake, mboga zipandwe kwenye matuta yaliyoinuliwa.

Toa kifusi. Piga jembe hatua moja kutoka ukutani: utakutana na vipande vya tofali, misumari na simenti iliyoganda. Mafundi wengi hufukia uchafu wao hapo hapo. Simenti huupa udongo ualkali, mmea ukashindwa kufyonza madini ya chuma. Majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mbolea peke yake haitaponya hilo, kifusi lazima kiondoke. Kwa kila mti chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, tenga udongo wa juu, uchanganye na debe la samadi iliyooza, ndipo ufukie.

Gawa eneo kwa matumizi. Mchaichai, rihani na matembele viwe karibu na mlango wa jiko; asumini karibu na baraza. Kamba ya nguo iachiwe jua. Pevingi iishie kwenye njia na maegesho, kwani ukiitandaza kote uwanja utakuwa tanuri na maji ya mvua hayatapata pa kuzama.

Panda kwa msimu. Miti ipandwe masika yanapoanza, kwa kawaida Machi, ili mvua ikusaidie kumwagilia hadi Mei. Ukihamia Juni, tumia kiangazi kusafisha na kuozesha mboji. Mipapai huzaa mapema, hivyo ipande pembeni ikulishe wakati mwembe unakua.

Fedha ya mwanzo imalizikie kwenye udongo na maji. Asumini, bogenvilia na mchaichai usinunue: bisha hodi kwa majirani, uombe vipandikizi na mashina.