Kompyuta Ikigoma Hata Kuingia Rikavari

Kompyuta ya Windows ikishindwa kuwaka, tegemeo hubaki rikavari, ile skrini yenye machaguo ya kukarabati mfumo. Sasa nayo ikigoma, watu huchanganyikiwa, hubonyeza kila kinachobonyezeka, na mwishowe hufuta diski nzima. Picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu ya mwanafunzi hupotea hivyo, wakati mara nyingi faili zilikuwa salama. Kwa hiyo elewa kwanza kwamba rikavari ni programu ndogo inayokaa kwenye diski ileile ya kompyuta, katika kipande kilichofichwa. Ikikataa kufunguka, mara nyingi hujaifikia, au diski ina ubovu, au kipande hicho kimefutwa.

Anza na hilo la kutoifikia, kwa kuwa halina gharama. HP nyingi hutumia F11, ASUS F9, na baadhi ya Lenovo zina kitundu ubavuni unachokibonyeza kwa pini mashine ikiwa imezimwa. Kitufe cha kibodi kigongegonge tangu unapowasha. Ukisubiri nembo ipotee umeshachelewa. Kibodi ya Bluetooth weka pembeni, tumia ya laptopu yenyewe au ya waya. Hata ya waya iliwahi kuleta shida: sasisho la Windows 11 la Oktoba 2025 lilifanya kibodi na vipanya vya USB visifanye kazi ndani ya rikavari, na Microsoft ikatoa marekebisho mwezi huohuo.

Ikiwa vitufe havijasaidia, washa kompyuta, na Windows ikianza tu kupakia, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Fanya hivyo mara mbili mfululizo. Kwa kawaida, ukiiwasha tena Windows hujipeleka yenyewe kwenye ukarabati. Lakini ukisikia diski inagonga tik-tik-tik, acha mara moja! Hiyo ni diski inayokufa, na kila ukiiwasha unazidi kuimaliza. Mpelekee fundi wa kuokoa data.

Kama hakuna sauti hiyo, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, uangalie kama jina la diski linaonekana. Lisipoonekana, hakuna rikavari itakayofunguka hata ugonge vitufe mpaka kesho. Zima, chomoa chaja, flashi na printa, toa betri kama ni ya kutoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Jaribu tena. Ikishindikana, fundi afungue, achomoe diski na kuirudisha vizuri mahali pake.

Diski ikionekana na F11 bado iko kimya, huenda kipande cha rikavari hakipo. Laptopu za mtumba zina tatizo hili sana, kwa sababu anayezipiga Windows upya anaweza kufuta vipande vyote, pamoja na cha rikavari cha kiwandani. Hapo dawa ni flashi ya GB 8 au zaidi. Nenda kwa mwenzako mwenye kompyuta nzima, pakua bure kutoka Microsoft programu ya kutengeneza flashi ya Windows, uiandae. Vilivyokuwemo kwenye flashi vitafutika. Kisha washa mashine yako kupitia flashi hiyo: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi.

Hapa ndipo penye hatari. Skrini itakualika kusakinisha Windows. Usikubali. Tafuta chaguo lenye neno Repair, ambalo hukufikisha kwenye rikavari kama ile uliyoikosa. Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, una tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Ifungue kwa simu usome.

Kabla ya kukarabati chochote, okoa faili. Mimi napendelea flashi ya pili yenye mfumo wa Ubuntu: unaijaribu bila kuisakinisha, unafungua diski, unanakili kazi zako kwenye diski ya nje. Diski yenye BitLocker itataka ufunguo huohuo. Baada ya hapo ndipo uchague Startup Repair, na ikishindwa, uendeshe chkdsk, amri ya kukagua diski.

Windows ikirudi, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /info. Ikijibu Disabled, andika reagentc /enable. Ikikataa tena, huenda faili lenyewe la rikavari halipo, na flashi yako ndiyo rikavari yako. Usiifute kuwekea muziki. Zile tarakimu 48 nazo ziandike kwenye daftari leo, kompyuta ikiwa bado inawaka.