Maua ya Ukambani na Majira Yake

Yasmini ya Pwani, ikipandwa uani na kunyweshwa maji kila siku, huchanua karibu mwaka mzima. Miti ya Kitui na Makueni haina wa kuinywesha. Kila mmoja hungojea majira yake. Mfugaji wa nyuki asiyeyajua majira hayo hufungua mzinga akakuta masega matupu. Basi na tuyatazame.

1. Maua ya kiangazi. Kati ya Julai na Septemba miembe ya Makueni huchanua. Kisha, mvua za Oktoba zikikaribia, muthiia hujaa maua meupe, hali matawi yake yangali makavu. Muthiia ni aina ya mgunga wenye miiba iliyopinda kama ndoana. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Kilatini, mellifera, maana yake "uletao asali".

2. Maua ya mvua. Katika Ukambani, mvua za Oktoba hadi Desemba hutegemewa kuliko zile za Machi hadi Mei. Zinyeshapo, kunde na magugu ya porini hutoa maua. Muamba, yaani mbuyu, ambao watu wa Kibwezi wanaujua sana, hufungua ua lake jioni. Popo hulizuru usiku, na siku ya pili hunyauka. Mbaazi za muda mrefu, zilizopandwa Oktoba, huchanua baada ya mvua za Machi.

Je, maua ya kiangazi na ya mvua yana uhusiano gani? Yai la nyuki mtenda kazi huchukua siku 20 hivi kuwa nyuki kamili. Kisha nyuki huyo hutumika ndani ya mzinga majuma mawili au matatu kabla ya kutoka kutafuta chakula. Kwa hiyo nyuki wengi wanaokusanya asali wakati wa mvua ni wale waliolelewa kwa maua ya kiangazi. Mtu akataye muthiia mwezi wa Agosti ili achome makaa, ameiuza asali ya Desemba kabla haijapatikana. Mnamo Januari 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti. Lakini sheria pekee haiwezi kulinda kila mti shambani.

Yafaa mfugaji akumbuke haya:

(a) Mizinga itundikwe mwezi wa Agosti, kabla muthiia haujachanua.

(b) Miembe ikihitaji dawa ya wadudu, inyunyiziwe jioni, nyuki wakiisha kurudi mzingani.

(c) Wakati wa kurina, masega mengine yaachwe yawe chakula cha nyuki kiangazini.

(d) Siku ya kuchanua kwa kila mti iandikwe daftarini, kwa kuwa mvua haiji tarehe ile ile kila mwaka. Baada ya miaka michache, daftari hilo litamfaa mwenyewe kuliko kalenda yo yote ya dukani.